Mtego Ndani ya Namba Nne

Mimi nina wivu. Nalisema mapema ili huko mbele asije mtu akanilaumu kwamba nilimficha. Si ule wivu wa kununa siku mbili ukapewa kanga ukacheka. Wangu unakaa kooni, chakula hakipiti. Mama husema niliurithi kwa bibi mzaa baba, ambaye aliwahi kumfuata babu kwa miguu mpaka mnadani kwa sababu tu babu alivaa shati safi siku ya Jumatano.

Kwa hiyo Ijumaa ile ya mwezi wa saba, mwaka 2004, Anania alipoingia kwenye kafe ya mjomba wangu na mkoba wake wa vifaa, koti limejaa vumbi la Makambako, sikuinua kichwa.

"Shikamoo, Mjomba Fahadi."

"Marahaba, baba. Umekuja wakati mzuri, nyumba inaungua."

"Nasma, hujambo?"

"Sijambo."

Akasubiri. Alizoea nimwambie pole na safari, nimuulize baridi ya Njombe imemfanyaje. Nikaendelea kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Kafe ilikuwa na kompyuta sita na dishi juu ya bati. Kabla ya hapo lilikuwa ghala la mahindi, na siku za mvua harufu ya mahindi ilirudi. Nyaya zote alizitandaza Anania mwaka 2001, na tangu hapo alikuja kila Ijumaa kuzikagua, na mimi nikawa napaka wanja kila Ijumaa. Baba yangu, Mzee Omary, alikataa miaka miwili kwa sababu Anania ni Mlutheri, Mbena wa Kidugala. Mama yake naye alikataa kwa sababu mimi si mtu wa kanisa lao. Mjomba ndiye aliyekwenda na kurudi mpaka wakakubaliana ndoa ya bomani, kila mtu abaki na dini yake. Keshokutwa, Jumapili, wazee wa Kidugala walikuwa wanakuja kuleta posa.

Na mimi nilikuwa nimeamua hiyo posa isipokewe.

"Niambie tena ilivyokuwa," Anania alimwambia Mjomba.

"Jana Mwalimu Jeni ameketi namba nne, anatafuta barua aliyoihifadhi. Anafungua huku na huku, anakuta faili ambalo si lake. Ndani yake barua aliyomwandikia dada yake wiki iliyopita, neno kwa neno, mpaka herufi alizozifuta. Na maneno ya siri ya watu wengine. Amesimama katikati ya wateja akawaambia wote. Leo umeona mwenyewe, nina wateja watatu."

Kweli walikuwa watatu, ukimhesabu Mzee Tarsis, dereva wa lori la mbao, ambaye hata hakuwa mteja. Kila Ijumaa alikaa kwenye benchi na kofia yake magotini, akimsubiri Anania amtafutie spea kwenye mtandao. Alikuwa mjane, mpole, wa kutamka maneno kumi kwa siku.

"Kwa hiyo kuna programu humo ndani inarekodi kila kinachochapwa," Anania alisema.

"Kila kitu?" Mzee Tarsis aliuliza.

"Kila kitu, mzee."

Mzee Tarsis akavaa kofia akatoka nje. Sikumjali. Nilikuwa na yangu.

Kwa sababu mtego ule niliutega mimi.

Nikueleze. Mwezi wa sita mama yake Anania alimwambia shangazi yangu kwamba bado hajachoka kuomba, Mungu anaweza kumletea mwanawe msichana wa kwaya hata siku ya mwisho. Hilo nililimeza. Lakini Ijumaa mbili mfululizo nilimpelekea Anania chai pale namba nne, na mara zote mbili alifunga alichokuwa anaandika kabla sijafika. Nikamwomba binamu yangu Issa wa Mbeya, akanipa disketi yenye programu ile. Jumanne, saa ya swala na chakula, nikamtuma Brayson stendi, nikafunga mlango, nikaiweka.

Jumamosi nilifungua faili nikakuta hiki: *Emilia wangu, tangu siku uliponishika mkono pale stendi ya Njombe nimekuwa mtu mwingine. Sijalisema hadharani maana watu wangu hawatakubali upesi. Nivumilie mpaka.* Hapo iliishia. Nikaunakili ukurasa huo kwenye disketi.

Emilia simjui. Nikamtengeneza mwenyewe. Nikampa miaka ishirini na miwili, shingo ndefu, sauti ya kwanza kwenye kwaya, na mama mkwe anayempenda. Kila usiku nikamwongezea kitu. Kufikia Alhamisi alikuwa mzuri kiasi kwamba hata mimi ningemwoa.

"Namba nne tusiiwashe," Anania alimwambia Brayson, aliyekuwa ameshanyoosha mkono kwenye swichi. Brayson ndiye mwenzangu pale kafe, kijana wa Njombe mwenye mke na mtoto mchanga. "Ukiiwasha inaanza kuandika mambo yake juu ya yale tunayoyatafuta. Ni kama kufagia uwanja kabla hujaangalia nyayo."

Akafungua skrubu, akatoa diski, akaiunganisha na mashine yake aliyokuja nayo. Akainakili yote kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Alisema atasoma nakala, ile yenyewe isiguswe na mtu. Kazi hiyo ilichukua muda mpaka Mjomba akaenda swala ya Ijumaa akarudi. Nilimtazama Anania shingoni, pale nywele zinapoishia, nikamchukia, nikatamani kumgusa, vyote kwa pamoja.

"Tatizo la kwanza ni saa," Anania alisema, Mjomba alipokwisha kukaa. "Betri ya ndani ya namba nne imekufa. Kila umeme ukikatwa, mashine inarudi tarehe mosi Januari, 1998, saa sita usiku. Faili za mtego zote zina tarehe hiyo."

"Mwaka huo humu kulikuwa na mahindi," Mjomba alisema.

"Ndiyo. Lakini kila jioni wewe unazima swichi kubwa, na kila asubuhi mnawasha saa tatu. Kwa hiyo saa yake haitaji wakati, inataja muda uliopita tangu mfungue. Mtego uliwekwa baada ya muda wa saa nne na dakika kumi tangu kufungua."

Mjomba akahesabu kwa vidole. "Saa saba na dakika kumi mchana. Tunakuwa tumefunga."

"Na cha kwanza kurekodiwa ni barua ya dereva wa Tunduma kwa mkewe. Nimeangalia daftari la wateja. Aliketi namba nne Jumanne ya wiki iliyopita, saa nane na robo."

Nilijua ana akili, ndiyo sababu nilimpenda, lakini sikujua kwamba akili hiyo inaweza kunifuata mpaka mlangoni namna ile.

Mjomba aligeuka taratibu. "Brayson. Saa saba anayebaki humu ndani ni nani?"

"Ni mimi, bosi. Lakini Jumanne ile sikuwepo. Dada Nasma alinituma stendi kuulizia mzigo." Akanigeukia. "Dada, si unakumbuka?"

Wote watatu wakanitazama.

"Sikumbuki vizuri," nilisema.

Nimefanya mabaya maishani, ila hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo. Brayson alinitazama tu, akiwa hajaelewa bado.

"Mjomba," Anania alisema haraka kidogo, "ngoja. Mashine inaniambia namba nne, Jumanne, saa saba na dakika kumi. Hainiambii nani aliketi. Hakuna jina, kila mtu anatumia mashine hiyohiyo. Na hiyo saa yenyewe nimeikisia kwa betri mfu. Mbele ya hakimu haisimami. Mimi nauondoa mtego, wateja wabadilishe maneno ya siri, tufunge hapa."

Alisema haya akiangalia meza. Nikaelewa kwamba ananifungulia mlango. Nipite nitoke, Jumapili ifike, hakuna atakayejua.

"Mimi si hakimu," Mjomba alisema. "Nina jina la kulinda. Brayson, weka funguo hapo mezani. Nenda nyumbani."

Brayson akatoa funguo mfukoni. Zilikuwa zimefungwa na kipande cha kitambaa cha mtoto. Akahangaika kukifungua ili abaki nacho, vidole vikateleza kwenye fundo.

"Mjomba, mwache," nilisema. "Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Niliyeweka. Nilimtuma stendi ili atoke."

Mjomba hakunipiga. Angenipiga kofi ningepumua. "Nimekaa na baba yako miezi saba," alisema, "namwambia binti yako ana akili timamu. Miezi saba, Nasma."

"Nisamehe, Mjomba. Kaka Brayson, nisamehe."

Brayson akazirudisha funguo mfukoni.

"Niruhusu niongee naye nje," Anania alisema.

Tulisimama nyuma, kwenye ukuta usio na upepo. Magari ya Songea yalikuwa yakipita.

"Ulijua," nilianza mimi.

"Tangu nilipoanza kusoma nakala."

"Umejuaje?"

"Mwizi wa maneno ya siri angebeba ya watu wote. Humo mna watu thelathini na wawili. Huyu amenakili ukurasa mmoja kwenye disketi. Wangu."

"Emilia ni nani?"

"Siwezi kukuambia."

"Huwezi!"

"Barua si yangu, Nasma. Niliichapa mimi, lakini maneno nilikuwa nasomewa. Mwenyewe hana anwani ya barua pepe, nikamwazima sanduku langu. Akaniapisha nisimwambie mtu, na akakutaja wewe kwa jina, kwamba zaidi ya wote usijue wewe."

"Kwa nini mimi?"

"Anakuonea aibu."

"'Watu wangu hawatakubali upesi.' Watu wa nani hawakukubali upesi, Anania? Si mama yako? Mimi mtoto?"

"Umeme ulikatika, unakumbuka Ijumaa ile? Uliporudi tukahamia namba mbili tukamalizia. Jina lake liko huko, na huko hukutega. Umeshika nusu ya barua ya mtu, ukanihukumu nayo mimi."

"Ulikuwa unafunga nikija na chai."

"Kwa sababu nilikuwa nimeapa." Akasogea. Ilikuwa mara ya kwanza nimwone amekasirika kweli, na hasira yake ilikuwa ya sauti ya chini. "Neno langu la siri uliliona?"

"Nililiona."

"Lilikuwa nini?"

Nikatazama chini. "Jina langu. Na 2001."

"Mwaka gani huo?"

"Mwaka tuliokutana."

"Na bado?"

"Nikaona unanizuga. Nikasema mtu mjanja anaweza kuandika jina langu mlangoni, ndani akamweka mwingine."

Alicheka, lakini si kicheko cha furaha. "Wewe mwanamke wewe."

"Nakuamini, Anania. Sasa nakuamini."

"Unasema hivyo kwa sababu umekamatwa."

Hilo lilinipata pale penyewe. Lilikuwa kweli. Nilikuwa bado namwona Emilia na shingo yake.

"Sikiliza," alisema. "Neno la siri silibadilishi. Unalo. Jibu la barua ile litafika kesho au limeshafika. Barua ambayo haijasomwa huonekana kwa wino mzito, ikifunguliwa inakuwa nyembamba. Jumapili nikifika Makambako nitapita hapa kwanza, nifungue. Nikikuta imesomwa, wazee wangu nitawageuza palepale barabarani, na sitarudi. Siwezi kuishi na mtu anayenipekua mpaka ndani ya jina lake mwenyewe."

"Na usipokuta chochote kimesomwa?"

"Tutakwenda kwa baba yako." Akaondoka kuwahi Hiace ya Njombe. Hakugeuka, na mimi nilisimama pale mpaka nikaona aibu kwa wapita njia.

Jumamosi Mjomba alinisimamisha mbele ya Mwalimu Jeni nikaomba radhi wateja wakisikia. Kumbe Mwalimu alishaapa hatakanyaga tena pale, ila alisema kwa kuwa nimeomba kwa kinywa changu atafikiri. Brayson aliongea nami kwa namba tu. "Namba mbili, nusu saa." "Namba tano, amemaliza."

Saa saba wakaondoka wote wawili. Mjomba aliniachia funguo, sijui kwa makusudi au kwa kusahau. Nilifunga mlango. Nikaketi namba nne.

Mtandao siku hiyo ulikuwa mwepesi, ukurasa ulifunguka kabla sijajiandaa. Nikaandika jina lake. Kisha n, a, s, m, a. Kisha 2. Kisha 0, na 0 nyingine. Ikabaki moja.

Ndugu yangu, usiniulize niliwaza nini, maana sikuwaza, niliona. Nilimwona yule msichana akisoma kwa sauti yake ya kwanza. Nilimwona Anania akinicheka na mama yake. Halafu nikasema, kama ni uongo, si heri nijue leo kuliko nijue nina mtoto mgongoni? Hoja ilikuwa nzuri. Wivu haukosi hoja nzuri hata siku moja. Kidole kilikuwa juu ya ile 1, nahisi ubaridi wake.

Nikakumbuka vidole vya Brayson vikihangaika na kile kitambaa. Pale pia nilikuwa na ushahidi, nimeusoma kwa macho yangu, na nusura mtu akose kazi.

Nikainama nikachomoa waya ukutani. Skrini ikafa. Nikalia kwa sauti, peke yangu, mpaka nikasikia mlango unagongwa.

Alikuwa Mzee Tarsis, kofia mkononi.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, baba. Karibu."

"Kijana hayupo?"

"Leo Jumamosi, baba. Yeye ni wa Ijumaa."

"Najua. Jana palikuwa na mambo, nikaona nisimsumbue." Aliikunja kofia, akaikunjua. "Kuna jibu langu. La spea. Nadhani limeshafika."

Nilimtazama. Nilimtazama vizuri, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Ndevu alikuwa amenyoa. Shati lilikuwa limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono. Na hakuwa anaangalia namba nne, alikuwa anaangalia namba mbili, kama mtu anavyoangalia mlango wa nyumba anayotaka kubisha hodi.

"Nikufungulie mimi, baba?" Ulimi uliniponyoka.

"Hapana, hapana." Alirudi nyuma hatua nzima. "Mambo ya spea wewe utayaelewa wapi. Watoto wangu wenyewe sijawaambia. Acha, nitamwona kijana kesho."

"Kesho mtaonana wapi?"

"Si mimi ninayewaleta wazee wake? Kanipigia jana jioni nimwazime gari dogo la bosi. Kasema tupite hapa kwanza aangalie kitu, dakika mbili, kisha tujue kama tunakwenda kwenu au tunarudi. Sijui alimaanisha nini."

"Mimi pia sijui, baba."

Nikamwoshea kikombe, nikampa chai. Sikumuuliza spea inatoka wapi.

Jumapili walinifungia chumba cha ndani pamoja na mashangazi, kama desturi. Nilikuwa sijala tangu Alhamisi. Mama alileta pilau, nikaitazama tu. Saa nne ikapita. Saa tano. Shangazi mmoja akasema labda gari limeharibika, mwingine akasema watu wa Kidugala hawachelewi, na mimi nikawa nasikiliza kila injini inayopita barabarani. Zilipita nyingi. Moja ikapunguza mwendo, ikasimama, ikazimwa. Nikasikia "Hodi wenyewe," na sauti ya baba yangu ikijibu karibu.

Nilikaa chini kwenye mkeka.

Mazungumzo ya wazee yalichukua saa nzima. Yalipofika kwenye chakula, Anania alipita uani kunawa mikono, akasimama upande wa pili wa pazia langu. Nilikijua kivuli chake.

"Ilikuwa na wino mzito," alisema taratibu.

"Najua."

"Mzee ameisoma. Nimemsomea, yaani. Amekubaliwa. Ameniruhusu nikuambie sasa, yeye mwenyewe hawezi."

"Sina haja. Si barua yangu."

Nikajua anatabasamu, na nikaona kifua changu kinafunguka taratibu. Nilikuwa nimeshinda. Ningenyamaza hapo ingekuwa vizuri sana.

"Anania."

"Naam."

"Huyo Emilia. Ana umri gani?"

Nikasikia anajizuia asicheke mbele ya wazee.

"Ni nesi mstaafu mtarajiwa huko Ludewa. Ana miaka hamsini na sita na wajukuu wanne."

Nikamwita mama, nikamwomba ile sahani ya pilau. Nilipoimaliza nikaomba ya pili.